Usisafirie nyota ya mwenzio, hata katika ramani ya ubongo

Wahenga walisema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Yamkini walikuwa wakizungumzia busara na wala si nyama iliyomo ndani ya fuvu. Hata hivyo, elimu ya siku hizi imeonyesha kwamba kauli yao ni ya kweli kwa maana zote mbili. Hakuna watu wawili duniani wenye bongo zinazolingana. Mikunjo ya ubongo wa mtu, mabonde na matuta yake, ni yake peke yake. Hata pacha wa kufanana, waliotoka katika yai moja, hutofautiana mikunjo.

Ikiwa mambo ni hayo, msomaji atauliza: je, mtaalamu anawezaje kudai kwamba mahali fulani katika ubongo wa mkulima wa Wundanyi ni "palepale" katika ubongo wa mwanafunzi wa Ulaya? Jibu ni kwamba wataalamu hutumia ramani moja ya marejeo, inayoitwa atlasi ya ubongo. Picha ya kila kichwa husogezwa, huzungushwa, huvutwa na kukunjwa mpaka ilingane na ramani hiyo, na baada ya hapo ndipo watu hulinganishwa.

Makala haya yana swali moja tu. Ramani hiyo ilichorwa kwa kichwa cha nani, na je, sisi wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta tumo ndani yake?

Kabla ya kulijibu, yafaa tuielewe kazi yenyewe. Mwalimu anaweza kuifundisha bila mashine yoyote. Awaambie wanafunzi arobaini wa darasa lake wachore viganja vyao, kila mmoja katika karatasi laini inayopenyeza mwanga. Kisha karatasi zote zipangwe moja juu ya nyingine. Mara ya kwanza patakuwa na vurugu, kwa kuwa kiganja kimoja kimeelekea dirishani na kingine mlangoni. Basi karatasi zisogezwe na kuzungushwa mpaka vifundo vya mikono vikutane na vidole vya kati vielekee upande mmoja. Hapo hakuna kiganja kilichobadilishwa umbo. Kimehamishwa tu.

Bado vidole havitalingana, kwa sababu viganja vingine ni vikubwa na vingine ni vidogo. Hatua ya pili, basi, ni kukuza na kupunguza: kiganja kidogo kichorwe upya kwa ukubwa zaidi, na kinene kipunguzwe upana. Hatua ya tatu ndiyo ngumu. Kidole gumba cha huyu kimepinda, cha yule kimenyooka. Ili vikutane, itabidi kila sehemu ndogo ya mchoro ivutwe kivyake, kana kwamba karatasi imekuwa mpira.

Picha za ubongo hupitia hatua hizohizo tatu. Mashine ya MRI, inayotumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, huugawa ubongo katika vijisanduku vingi mno, vingi vikiwa na upana wa milimita moja hivi. Kompyuta huanza kwa kusogeza na kuzungusha, kazi inayohitaji nambari sita tu. Kisha hukuza, hupunguza na kuinamisha, na nambari zinafika kumi na mbili. Mwisho huvuta kila pembe kivyake, na hapo nambari huwa maelfu kwa maelfu. Kazi ikikamilika, kila kijisanduku hupewa anwani ya nambari tatu: umbali wake kuelekea kulia au kushoto, mbele au nyuma, juu au chini. Mara nyingi vipimo hivyo huanzia karibu na kifundo kidogo cha nyuzi za neva kinachounganisha nusu mbili za ubongo. Kifundo hicho kinatumiwa kwa kuwa ni rahisi kukitambua karibu katika kila kichwa.

Mwanafunzi wa jiografia hatashangaa. Naye hupewa anwani ya namna hiyo anapoambiwa kwamba mji wa Voi uko nyuzi 3 na dakika 24 hivi kusini mwa ikweta. Na hapa Taita tunao mfano bora zaidi wa kazi hii. Kule Wundanyi kuna kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Helsinki cha Ufini. Wataalamu wake walichukua picha za milima ya Taita zilizopigwa kutoka angani mwaka 1955, wakazioanisha na picha za mwaka 2004, ili waone misitu imekuwaje katika kipindi hicho cha karibu miaka hamsini. Kila picha ilipigwa kwa ndege tofauti, kwa kamera tofauti na kwa pembe tofauti. Laiti zingepangwa ovyo, ukingo wa msitu ulio hai ungeonekana umekatwa, na shamba la mahindi lingeonekana limeota miti.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yana funzo kubwa. Eneo lote lenye miti lilikuwa limebaki karibu vilevile. Lakini msitu wa asili ulikuwa umepungua kwa nusu, na pengo lake likajazwa na miti ya kigeni iliyopandwa, kama vile mikaratusi na misonobari. Mtu aliyetazama jumla peke yake angesema hakuna kilichopotea. Tulikumbuke jambo hilo, kwani tutalihitaji tena: jumla na wastani vina desturi ya kuficha.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mwaka 1909 daktari Mjerumani, Korbinian Brodmann, alichapisha ramani iliyoligawa gamba la ubongo katika maeneo yenye nambari, kulingana na mpangilio wa seli alizoziona kwa hadubini. Nambari zake zinatumiwa hadi leo. Mwaka 1988 Jean Talairach, aliyefanya kazi katika hospitali ya Sainte-Anne jijini Paris, pamoja na mwenzake Pierre Tournoux, walitoa atlasi iliyokuja kuwa kipimo cha dunia nzima. Atlasi hiyo ilitegemea ubongo wa mtu mmoja tu, bibi wa Kifaransa aliyefariki akiwa na umri wa miaka 60. Kwa miaka mingi vichwa vya watu wa kila bara vilivutwa na kukunjwa ili vifanane na kichwa cha bibi huyo.

Wataalamu wenyewe waliiona kasoro hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Taasisi ya Neva ya Montreal, nchini Kanada, ilitengeneza wastani wa picha za watu 305, wanaume 239 na wanawake 66, wote wenye afya njema na wengi wao vijana wa miaka ishirini na kitu. Baadaye ukatengenezwa wastani mwingine wa watu 152, ambao picha zao zilikuwa safi zaidi. Huo wa 152 ndio uliowekwa katika programu nyingi za kompyuta zinazotumiwa na watafiti popote duniani. Ilikuwa hatua kubwa. Kichwa cha mmoja kiliachwa, kikachukuliwa cha wengi. Lakini wengi hao walikuwa watu wa mahali pamoja na wa rika moja. Hakuna aliyedai kwamba waliteuliwa ili wawakilishe wanadamu wote. Walipatikana kwa kuwa walikuwa karibu na mashine.

Mtu anaweza kusema kwamba hilo si neno. Mbona longitudo za dunia nzima huhesabiwa kutoka Greenwich, nchini Uingereza, tangu mkutano wa mwaka 1884, na Voi haijapata hasara yoyote? Hoja hiyo ina uzito, lakini ina kasoro moja. Greenwich ni mahali pa kuanzia kuhesabu tu. Haiulazimishi mlima wa Kasigau ufanane na vilima vya London. Atlasi ya ubongo hufanya mambo mawili. Kwanza, hutoa mahali pa kuanzia, na hilo halimdhuru mtu. Pili, hutoa umbo ambalo kila ubongo hulinganishwa nalo, na hapo ndipo penye mashaka. Mahali pa kuanzia twaweza kupaazima. Umbo haliazimwi.

Turudi darasani kwa mwalimu wetu. Tuseme kiganja kilichochaguliwa kuwa kipimo ni cha mwalimu mwenyewe. Mara wanafunzi wote arobaini watakuwa na "viganja vidogo", na yule mwenye kidole kilichopinda atakuwa na "kasoro". Wanafunzi hawaugui. Kilichochaguliwa vibaya ni kipimo.

Watu wa Taita wana sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili, kwa kuwa vichwa vyao vilipimwa zamani sana. Wengi wanajua desturi ya wazee wetu. Marehemu alizikwa, na baada ya muda fuvu lake lilifukuliwa kwa heshima na kuwekwa katika pango la ukoo, pamoja na mafuvu ya waliomtangulia. Desturi hiyo ilikoma dini mpya zilipoenea, lakini baadhi ya mapango hayo yangalipo milimani na mafuvu yangalimo.

Mengine hayamo tena. Mwaka 1931 jarida la Biometrika la Uingereza lilichapisha uchunguzi wa E. Kitson kuhusu mafuvu kutoka Koloni ya Kenya, yakiwemo ya Wataita. Mafuvu hayo yalihifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Miongo kadhaa baadaye mwanaanthropolojia Mmarekani, W. W. Howells, aliyapima upya na kuyatia katika orodha yake ya mafuvu zaidi ya 2,500 kutoka jamii 28 za dunia, kazi aliyoanza kuichapisha mwaka 1973. Katika orodha hiyo kuna kundi lililoandikwa "Teita", mafuvu 83. Mpaka leo, fuvu lisilojulikana likiokotwa popote duniani, huenda mtaalamu akalilinganisha na mafuvu ya wazee wa milima hii.

Tazameni kinyume hiki. Mifupa ya Wataita waliokufa imo katika marejeo ya dunia, lakini bongo za Wataita walio hai hazimo. Walipohitajika kuwa vitu vya kupimwa, walipatikana. Ilipofika zamu ya kutengeneza kipimo ambacho kingemfaa mgonjwa, hawakukumbukwa.

Isitoshe, nchi hii imewahi kuona ubaya wa kumpima mtu kwa kipimo cha mwenzake. Katika miaka ya 1930 daktari H. L. Gordon, aliyehusika na hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alivumisha nadharia kwamba Mwafrika alizaliwa na upungufu wa akili. Mwenzake, F. W. Vint, alichapisha mwaka 1934 uchunguzi wa bongo za Waafrika waliofia hospitalini Nairobi, akazilinganisha na takwimu za Wazungu, akahitimisha kwamba za Waafrika zilikuwa na kasoro. Hakuzingatia ipasavyo kwamba alikuwa akipima maiti za watu maskini, ambao wengi wao walikuwa wameugua na kukosa lishe. Kipimo kilikuwa kimeamuliwa kabla ya kazi kuanza, na kila kilichotofautiana nacho kikaitwa dosari. Hoja hizo zilitumiwa kutetea elimu duni kwa watoto wa Kiafrika. Tuna haki, basi, ya kushtuka kila tusikiapo habari za kupima vichwa.

Lakini kushtuka si kukataa. Nchi nyingine zimeshachukua hatua. Mwaka 2010 watafiti wa China walichapisha atlasi iliyotokana na picha za Wachina 56, wakaonyesha kwamba umbo la wastani lilitofautiana kidogo na lile la Montreal. Mwaka 2019 taasisi moja ya teknolojia ya Hyderabad, nchini India, ikatoa atlasi ya Wahindi 100, nusu wanaume na nusu wanawake. Nchi hizo hazikusema kwamba Wachina au Wahindi wana akili kubwa au ndogo kuliko wengine. Zilisema tu kwamba picha ya mtu haihitaji kuvutwa sana ikiwa kipimo kinafanana naye, na kwamba picha ikivutwa kidogo, makosa nayo hupungua.

Je, sisi tuna haja gani na mambo haya? Nakiri kwamba daktari anayemtazama majeruhi wa ajali ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi hahitaji atlasi ya Montreal ili aone damu iliyovilia kichwani. Macho yake na ujuzi wake vinatosha. Haja hutokea pale tofauti inapokuwa ndogo mno kuonekana kwa macho, na inapobidi mtu alinganishwe na wenzake. Kwa mfano, je, ubongo wa mzee huyu wa Mwatate umesinyaa kupita umri wake, au ndivyo ulivyokuwa tangu ujana wake? Je, ubongo wa mtoto huyu unakua inavyopasa? Maswali ya namna hiyo hayajibiki bila kujua watu wenye afya wa mahali hapo, wa umri huo, wakoje.

Chukueni malaria ya ubongo. Taveta ni nchi ya chemchemi na mito, na mbu ni jirani wa siku nyingi. Si ajabu kwamba kati ya mwaka 1954 na 1959 ilikuwa uwanja wa mradi mashuhuri wa Pare-Taveta wa kupambana na malaria kwa kunyunyizia nyumba dawa. Kule Blantyre, nchini Malawi, mashine ya MRI ilianza kuwatumikia watoto wenye maradhi haya mwaka 2008. Matokeo ya mwaka 2015 yalieleza habari za watoto 168, ambao 25 kati yao walifariki. Katika hao 25, ilionekana kwamba 21 walikuwa na ubongo uliovimba sana walipofika hospitalini. Madaktari walikuwa wamebishana kwa miaka mingi juu ya kinachowaua watoto hao. Mashine moja, iliyowekwa mahali palipo na ugonjwa, iliwapa ushahidi ambao haukupatikana kwingineko.

Na wanaopona je? Watafiti wa kituo cha KEMRI na Wellcome kule Kilifi, kilichoanzishwa mwaka 1989, wameonyesha kwamba baadhi yao hubaki na kifafa au matatizo ya kusema na kukumbuka. Uchunguzi wa Kampala uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba takriban mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa kufikiri miaka miwili baada ya kupona. Walimu, watoto hao ndio mlio nao darasani. Yule mnayemwita mzito wa kuelewa huenda aliwahi kulala siku tatu bila fahamu kabla ya kuanza shule. Ili kujua ubongo wake ulipata madhara gani, picha yake yafaa ilinganishwe na ya watoto wenzake wa hapahapa ambao hawakuugua. Ikilinganishwa na wastani wa vijana wa Montreal wa miaka ishirini na kitu, hatutajua kama tofauti tuionayo imeletwa na malaria, na utoto, na lishe, au na kipimo chenyewe.

Pana mtego mwingine, nao ni lazima tuukwepe. Wapo watakaosema: basi na itengenezwe atlasi ya Mtaita, na ya Mkamba, na ya Mluo, kila kabila na yake. Sikubaliani nao. Hiyo ingekuwa njia ya kuurudisha uovu wa Gordon kwa mlango wa nyuma. Takwimu za Howells zenyewe zilionyesha kwamba tofauti baina ya watu wa jamii moja ni kubwa kuliko tofauti baina ya jamii na jamii. Tena wataalamu wa urithi wanatuambia kwamba Afrika ndiyo yenye mchanganyiko mkubwa kuliko mabara yote. Mtaita mmoja na mwenzake wa kijiji hichohicho wanaweza kutofautiana ubongo kuliko anavyotofautiana yeye na Mkanada. Tunachohitaji ni kipimo kipana, chenye watoto na wazee, wanawake na wanaume, watu wa mjini Voi na wa vijijini Sagala, kikieleza si wastani peke yake bali pia kiasi ambacho watu wenye afya hutofautiana. Hapa ndipo funzo la misitu linaporudi: wastani bila tofauti huficha msitu uliopotea.

Jambo hilo si ndoto tena. Zimetokea mashine ndogo za MRI zenye sumaku dhaifu, zinazosukumwa kwa magurudumu hadi kando ya kitanda, na mojawapo iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2020. Picha zake si kali kama za mashine kubwa, lakini hazihitaji jengo maalumu wala gharama ileile. Zinaweza kuifikia wilaya ambayo mashine kubwa haikuifikia.

Hata hivyo, mlango huu usifunguliwe bila masharti. Mafuvu ya mapangoni hayakuwa na ulimi wa kukubali au kukataa. Walio hai wana ulimi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na picha ya ndani ya kichwa cha mtu ni siri yake kuliko hata jina lake. Atakayepigwa picha aelezwe kwa lugha anayoielewa itatumiwa vipi, itahifadhiwa wapi na nani ataiona. Matokeo nayo yarudi Wundanyi na Taveta, yasiishie katika majarida ya ng'ambo.

Neno la mwisho nawaachia wanafunzi. Kazi hii haiwahitaji madaktari peke yao. Inahitaji wajuao hisabati, kwa kuwa kuvuta na kukunja picha ni hesabu tupu. Inahitaji wajuao fizikia ya sumaku, wajuao kompyuta, wajuao jiografia, na hata wajuao historia watakaokumbusha yaliyotupata mwaka 1934. Atakayeitengeneza ramani hiyo huenda ameketi leo katika dawati la shule moja karibu na reli ya Voi, akichukia hesabu za nyuzi na pembe kwa kuwa hajaambiwa zina kazi gani.

Mwalimu, mwambie. Mpe karatasi, achore kiganja chake, kisha akipange juu ya cha mwenzake. Halafu muulize swali ambalo Vint hakujiuliza: kati ya viganja hivi viwili, ni nani aliyesema hiki ndicho kipimo?

Wahenga walituonya tusisafirie nyota ya mwenzio. Hawakutukataza safari. Walitutaka tutazame juu, kila mmoja aitafute yake.